Zabibu Nilizozifua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kreti lililopinduliwa, mlango wa chumba cha mitungi nimeuacha wazi ili nisikie kinachoendelea ndani, na vidole vyangu ni vya zambarau hadi kwenye kucha. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza ukorofi, na ile pasi kubwa imeacha kurusha cheche. Mdogo wangu msalimie sana. Mwambie picha yake nimeipata, na nywele zimempendeza kweli, asidhani namtania. Sisi huku tu wazima. Mkweo anakusalimu, amekonda kidogo kwa kazi ya mavuno, lakini anakula kama kawaida yake, yaani chakula cha watu wawili.

Mama, nina mambo. Sijui nianzie wapi, maana yote yanasukumana mlangoni yatoke pamoja. Wewe funga duka la udobi kwanza, keti, nyoosha hilo goti juu ya kiti cha pili, ndipo usome. Na usiruke kwenda mwisho, nakujua.

Siku tunaondoka uliniuliza ni mvinyo gani huo usiotiwa dawa, nami nikakujibu kwamba ni wa asili tu, kwa sababu nilikuwa sijui. Sasa najua. Hapa hakuna dawa ya dukani inayogusa mzabibu. Kondoo wanaachiwa katikati ya mistari wale magugu, na wanachokiacha nyuma ndiyo mbolea. Matawi hupogolewa mwezi ukipungua, si siku nyingine, hata kama mkasi umenolewa na mtu hana kazi. Kabla ya baridi hujaza samadi ndani ya pembe za ng'ombe, tena ng'ombe jike, wakazifukia shambani. Joto likirudi wanazifukua, na humo ndani samadi imegeuka kitu laini cheusi kinachonukia kama ardhi baada ya mvua. Wanachukua kiasi cha kujaa kiganja, wanakikoroga kwenye pipa la maji upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati, halafu ghafla wanageuza upande wa pili, na hivyo hivyo mpaka mikono iombe msamaha. Maji hayo ndiyo yananyunyiziwa udongo.

Siku niliyoona pembe zikifukiwa niliogopa. Nilijiambia nimeolewa kwa waganga na hakuna hata mmoja aliyenitonya. Mkweo alicheka mpaka akaegemea jembe. Akaniambia bibi yake alifanya hivyo, na mama wa bibi yake pia, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kuapa kuwa anajua kila kitu kinafanyaje kazi. Ila alinipa udongo wa jirani yao nikaushika, ukamong'onyoka ukatoka vidoleni. Akanipa wa kwao, ukashikana, na nyungunyungu mmoja akachomoza humo akining'inia mkononi mwangu kama kamba ya kiatu. Nilipiga kelele, lakini nilielewa.

Sasa sikiliza jambo la pili, maana bila hilo hutaelewa balaa nililolifanya. Wengine hununua hamira ya pakiti wakaitia kwenye maji ya zabibu ili yachache. Hapa hapana. Kuna mizabibu michache ya zamani kabisa kule mteremkoni, chini ya ukuta wa mawe, yenye mashina manene kama paja la mtu. Siku chache kabla ya mavuno makubwa huchumwa kikapu kimoja cha zabibu zake, zinapondwa kwa mkono ndani ya mtungi mdogo, zinafunikwa kitambaa, zinaachwa. Zinachacha zenyewe. Hicho ndicho kianzio, na wao wanakiita Bibi, kwa kuwa mvinyo wote wa mwaka huo unazaliwa naye. Siku ya mavuno Bibi anamiminwa kwenye mitungi mikubwa, ile iliyozikwa sakafuni hadi shingoni, na mitungi yote inaamka.

Na anayesema Bibi yuko tayari ni mtu mmoja tu, mama mkwe. Wachumaji wanamwita Pua, mbele yake na nyuma yake, na yeye anaitika. Anainamia mtungi, anafumba macho, ananusa, anasema ndiyo au anasema bado. Hakuna mwingine anayeingiza pua yake mtungini. Kwamba watoto wake nao wana pua ni jambo ambalo halijawahi kuzungumzwa katika nyumba hii.

Mwaka huu mambo yalianza vibaya. Mvua ilikuja wakati haikualikwa, ikasuuza zabibu karibu zote shambani, kisha ikafuatwa na baridi. Mkweo alikuwa anatembea katikati ya mistari akiongea peke yake. Alinieleza kuwa zabibu zilizopigwa na mvua huwa nzito kuamka, kwa hiyo safari hii kila kitu kinamtegemea Bibi. Akishindwa yeye, maji yote ya mavuno yatalala mitungini mpaka yageuke siki, na kazi ya mwaka mzima itakuwa ya kutilia kachumbari. Na nyuma ya hilo kulikuwa na jingine ambalo hawakulisema mbele yangu, lakini kuta za nyumba hii ni nyembamba. Jirani ameshaomba mara kadhaa akodishiwe shamba. Kwa vile mimi na mkweo tulikuwa turudi kwako mavuno yakiisha, wifi yangu alikuwa anamwambia mama yake kwamba wao wawili hawataliweza, na kwamba mwaka ukiharibika ni bora wakubali tu. Jirani si mtu mbaya, mama, ila dawa zake unazisikia puani kabla hujauona ukuta wake.

Basi kikapu cha kwanza kilipochumwa kule mteremkoni, wifi yangu alikileta jikoni, akakiweka mezani, akaniambia niziandae zile zabibu, yeye anarudi. Alimaanisha nizitoe vikonyo. Angesema vikonyo, nisingekuwa na barua ya kuandika. Lakini alisema niziandae, na mimi, mtoto wako, uliyenilea nikiamini kwamba kitu kikiwa mezani bila kuoshwa ni aibu ya nyumba, nikazitazama. Zilikuwa na vumbi. Zilikuwa na utando wa buibui. Ndege mmoja alikuwa ameacha salamu zake. Na kila moja ilikuwa na ungaunga mweupe juu ya ganda, ambao mimi niliuhesabu kuwa uchafu kuliko uchafu wote.

Mama, nilizifua. Siwezi kusema niliziosha. Nilichemsha maji nikayapooza, nikayapima kwa kiwiko kama yale ya kufulia sufi, nikatia sabuni kidogo, na nikatia matone ya ile dawa ya kuulia vijidudu uliyonifungia kwenye begi. Nikazisugua moja moja. Nikazisuuza mara tatu na kuzianika juu ya taulo safi. Ziling'aa kama vifungo vya shati jipya. Wifi yangu aliporudi alikuta nimeshazitia mtungini na kuziponda, akanisifu kwa wepesi wa mikono. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyepokelewa.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ule ungaunga mweupe ndio makazi ya hamira yenyewe. Wala siwalaumu. Mtu atakwambiaje usioshe mbegu kwa sabuni kabla ya kupanda? Haimjii akilini kwamba yupo binadamu wa kufanya hivyo. Kumbe yupo, na wamemlipia mahari.

Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kumpeleka Bibi mezani kwa mama mkwe na kufunua kitambaa. Yeye anainama, anafumba macho, anasema anaendelea vizuri. Nami niliyeshika mtungi nilikuwa nimesimama karibu, na pua haina kifuniko. Mwanzoni nilisikia maji ya zabibu tu, mabichi. Baadaye nikasikia harufu nyingine, kali, iliyonipanda moja kwa moja nyuma ya macho. Niliijua. Ni ile ya dawa unayotumia kutoa rangi ya kucha kwenye shuka za wateja. Nikashangaa, lakini nikajiambia pengine mvinyo huanza hivyo, na mimi ni mgeni, na Pua mwenyewe amesema vizuri. Nani mimi?

Siku ya mavuno makubwa ilifika. Sijawahi kuona furaha ya namna ile katika kazi. Wachumaji waliingia na umande, wakatoka na jua. Vikapu vikishuka mteremkoni, watu wakitaniana kutoka mstari hadi mstari, mkweo akikimbia huku na huku akiwa na jani kichwani ambalo hakuna aliyetaka kumwambia. Tulikanyaga, tukakamua, mitungi mikubwa ikajaa hadi shingoni. Kisha wote wakaingia ndani wakavua kofia, maana ni saa ya Bibi. Nikaleta mtungi mdogo. Nikafunua. Ile harufu ikanipiga kiasi kwamba macho yalitoa machozi. Mama mkwe akainama, akafumba macho, akanyooka, akasema ameiva, amiminwe.

Mkono wangu ukaenda juu ya mdomo wa mtungi kabla mimi sijauamuru. Nikasema, "Mama, usimimine."

 Mkweo alinitazama kwa macho ya mtu anayeona mke wake anapanda juu ya paa. Wifi yangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nitoe mkono, kwamba mambo hayo yana mwenyewe. Mkono haukutoka. Nikasema kwamba samahani, mimi sijui mvinyo, ila harufu hii naijua, nimekua nayo dukani kwa mama yangu, na haijawahi kutoka kwenye kitu kizima. Nikamwomba mkweo anuse. Hakutaka. Kunusa baada ya mama yake ni sawa na kumwambia mwongo mbele ya watu. Alimtazama mama yake, naye mama mkwe, badala ya kukasirika, akanitazama mimi muda mrefu, kisha akamwambia mwanawe anuse. Mkweo aliinama na kunyooka haraka huku ameshika pua. Wifi yangu naye akanusa, akakohoa. Ndipo tukaangalia vizuri tukaona hakuna hata povu moja. Bibi alikuwa amekufa siku nyingi.

Mama mkwe akasema, "Mwageni." Neno hilo tu, kisha akaketi.

Wifi yangu ndiye aliyeanza kuuliza. Mtungi ulichemshwa? Ulichemshwa. Kitambaa ni kipya? Ni kipya. Zabibu zilitoka wapi? Za mteremkoni, amezichuma mwenyewe. Zilifanywa nini? Hapo nikajibu kwa fahari, mama, kwa fahari kabisa, kwamba hizo hazina lawama, nilizifua kwa mikono yangu, na sabuni, na dawa. Nikaeleza hadi habari za kiwiko. Nilidhani najitetea.

Mkweo aliziba uso kwa viganja viwili. Mchumaji mmoja mzee akatoka nje, tukamsikia akicheka nyuma ya ukuta. Wifi yangu alisimama kinywa wazi, akaniuliza kama nilizipiga na pasi pia. Kisha akaanza kulia, kwa sababu haikuwa jambo la kuchekesha. Mitungi yote ilikuwa imejaa na hakuna cha kuiamsha. Waliponieleza ule ungaunga ni nini, nilitaka sakafu inizike hadi shingoni pamoja na mitungi. Mkweo, Mungu amlinde, alikuja akasimama upande wangu na kuwaambia kuwa kosa ni la nyumba nzima, kwa kuwa mgeni hafundishwi kwa kukonyezwa. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Jirani alipata habari kabla chai haijapoa. Alikuja mwenyewe na pakiti ya hamira mkononi, akasema kwa upole kwamba ukiitia sasa, kesho mitungi yote inachemka, na hakuna atakayejua. Wifi yangu alikuwa ameshanyoosha mkono. Mama mkwe alimshukuru jirani, akamkaribisha chai, akazungumza naye habari za watoto, na jirani alipoondoka, mama mkwe akaiacha pakiti pale pale katikati ya meza. Alisema kwamba atakayetaka aitie. Yeye hatamzuia mtu, ila mvinyo huo usiitwe wa nyumba hii, na muhuri wa kilimo asilia uliobandikwa mlangoni ubanduliwe siku hiyo hiyo. Tulizunguka ile pakiti kama inang'ata. Haikuguswa.

Nilimuuliza mkweo kama kweli hakuna zabibu nyingine za ile mizabibu ya zamani. Akasema zimechumwa zote isipokuwa fungu la ndege. Ni hivi: kila mwaka hawamalizi, shina la mwisho lililogusana na ukuta huwaachia ndege, tangu enzi za mababu. Tulitazamana. Tulikimbia, mama, mimi na ndoo, yeye na kikapu, wifi yangu nyuma akiwa na kiatu kimoja. Ndege walikuwa wamekula sehemu yao na kutuachia yetu. Tena kwa vile ukuta una paa dogo la mawe juu yake, mvua haikuwa imelifikia lile shina. Ule ungaunga mweupe ulikuwepo wote. Nilizichuma kwa ncha za vidole, sikuthubutu hata kuzipulizia vumbi. Nilimwambia buibui mmoja abaki alipo, ni mwenyeji kuliko mimi.

Lakini baridi ilikuwa kali, na Bibi mpya kwenye baridi angechukua muda ambao mitungi mikubwa isingeusubiri. Hapo ndipo duka lako lilipotuokoa. Niliuvika mtungi mablanketi ya sufi, nikauzungushia chupa za maji moto, nikawa nayabadilisha kila yanapopoa, nikipima kwa kiwiko: yasiwe ya kufulia shuka, yawe ya kumwogeshea mtoto. Mkweo alitaka kunipokea zamu nikamfukuza. Wifi yangu aliniletea chakula pale pale sakafuni, akaketi nami, akaniomba radhi kwa lile neno la pasi. Nikamwambia lilikuwa neno zuri na nitalitumia.

Basi, asubuhi moja jua likiwa limeshaingia dirishani, nikasikia kitu. Nilidhani ni panya. Niliweka sikio kwenye kitambaa na kusikia Bibi akinong'ona, vipovu vidogo vidogo vikipanda na kupasuka. Nikafunua. Mama, harufu ile! Mkate unaoumuka, na ganda la tunda, na chini kabisa ile ardhi ya baada ya mvua, kama kwenye pembe. Nilipiga ukelele nyumba nzima ikaja na nguo za kulalia. Tulimmimina siku hiyo hiyo. Kufikia jioni mtungi wa kwanza ulianza kuguguma, kisha wa pili ukaitika. Sasa hivi ninavyoandika yote inachemka. Ukiingia humo ndani utadhani kuna watu wanasengenyana gizani. Wachumaji wanapita kusikiliza tu. Mchumaji mzee amenipa jina, Bi Sabuni, na nadhani nitazikwa nalo.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikuambie uketi.

Baada ya mitungi kuamka nilikuwa uani nafua vile vitambaa vya kufunikia, peke yangu, nikiimba. Mama mkwe akaja, akageuza ndoo akaikalia.  Kisha akachuma jani la mnanaa pembeni ya bomba, akalifikicha, akalileta puani kwake, akaliangusha. Akasema, "Sinusi kitu, mwanangu. Tangu homa iliyonipata baridi iliyopita. Sinusi moshi, sinusi samadi, sinusi chochote."

Nilibaki nimeshika kitambaa kikichuruzika. Alinieleza kwamba amekuwa akikisia kwa kuhesabu siku na kwa kumbukumbu za miaka iliyopita, akingoja kila siku ile pua irudi. Hakuwaambia wanawe, kwa sababu alijua siku watakayojua ndiyo siku ambayo shamba litakodishwa. Nyumba hii haijawahi kuwa na kitu kingine cha kuwaambia mvinyo umeiva. Siku ile nilipoweka mkono juu ya mtungi, alisema, aliogopa, na papo hapo akapumua. Nikamwambia mficha uchi hazai, na kwamba mimi siri hiyo siwezi kumficha mume wangu. Akasema hakutaka nimfichie. Alitaka kwanza kuniuliza jambo.

Alianza kunijaribu. Akaniletea kitambaa kimoja kimoja cha mitungi, vile ambavyo bado sijavifua, akauliza kina nini. Nikamwambia hiki ni cha mtungi ulio karibu na mlango, unapata baridi, unachelewa; hiki kina utamu wa kuzidi; hiki kimeshikwa na mtu aliyetoka kwa kondoo. Alikwenda kuangalia, na ilikuwa hivyo. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia habari zako. Nikamwambia tangu nikiwa mdogo ulikuwa unanipa kola za mashati kabla ya kuziloweka, unaniambia nisitazame, ninuse: hii ni mafuta ya nywele, hii ni maziwa ya mtoto, hii ni wino, huyu anaumwa na hajui. Nikamwambia ulikuwa hupotezi nguo ya mteja kwa dawa isiyo yake, kwa sababu pua yako ilitangulia mikono. Alisikiliza yote. Kisha akaniomba nibaki, niwe pua ya nyumba hii, naye anifundishe mengine yote kabla hajachoka.

Jioni aliwaambia wanawe mwenyewe, mezani. Wifi yangu alilia tena, kisha akasema ndiyo maana mama alikuwa anakula wali ulioungua akiusifia, na yeye alikuwa ameanza kujiona mpishi. Nilimuuliza kama nafasi ya pua haikuwa yake. Akasema pua yake inajua kunusa umbea tu, na hiyo kazi tayari anayo.  Mkweo alimshika mama yake mkono, kisha akanitazama, akasema uamuzi ni wangu na wa mama yangu, na lolote tutakaloamua atabeba begi.

Mama, najua chumba chetu kiko tayari. Mdogo wangu aliniandikia kwamba umenunua meza mpya ya kupigia pasi, ya kimo changu. Najua hilo goti. Najua pia kwamba tuliahidiana, na mimi sikuwahi kukuvunjia ahadi. Maisha yangu yote ukiniuliza ninataka nini, nilikujibu upendavyo wewe, mama. Na sikuwa nakudanganya, sikuwa na jibu lingine. Safari hii nimeulizwa na mwingine nikiwa na mikono majini, na jibu likanitoka kabla sijakufikiria. Nilimwambia ndiyo. Namwomba Mungu na nakuomba wewe mnisamehe kwa kusema kabla ya kukuuliza, lakini kwa jibu lenyewe siombi msamaha. Nataka kubaki.

Ukisema nirudi, nitarudi, na nitamwambia mama mkwe kwa mdomo wangu. Ila usiniambie nirudi kwa sababu kazi itakosa mtu. Mdogo wangu anaitaka hiyo meza, mama. Anaogopa kukuambia kwa kuwa jina la dada yake lilitangulia. Kimo chake na changu ni kimoja. Mpe kola anuse, umsikilize.

Mama mkwe anakusalimu sana, anasema mitungi itakapofunguliwa uje, na kwamba mtu wa kwanza kuinama hatakuwa mimi, atakuwa wewe. Wifi anauliza kama doa la mvinyo kwenye kitambaa cheupe linatoka, maana ana nguo tatu. Mkweo anasema ukija atakubeba mteremkoni kwa ajili ya goti, na anaweza, nimemwona akibeba kondoo. Wasalimie wateja wote, hata yule wa koti la kijivu asiyelipa mpaka aimbiwe.

Hapo chini pembeni ya karatasi utaona doa. Nimelitia makusudi, nimechovya kidole kwenye mtungi ule wa kwanza, kwa hiyo usihangaike kulitoa. Fumba macho, linuse, halafu uniandikie unasikia nini.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Bi Sabuni